Walivunja Nyumba, Hawakuona Shimo

Jumapili

Nimechoka, mgongo unauma, lakini nacheka peke yangu. Wachezaji wengine wamevunja nyumba yetu kwenye mchezo wetu wa telefone, ule wa dunia iliyokwisha, na akiba yetu yote ingali iko!

Kabla hawajaja, mdogo wangu Saidi, ninayecheza naye, alinichokoza mimi dada yake: “Yaya, tunaficha mali shambani kama wazee?” Nikamwambia: chimba shimo, tufukie akiba. Ndani ya nyumba tukaacha nyama kidogo tu, wavamizi wapate cha kubeba waende zao.

Mama mwenyewe njo alifanya hivyo wakati wa vita: mchele aliufukia chini ya mihogo, akaacha kikombe kimoja tu jikoni kwa ajili ya wezi.

Na wavamizi wetu wamebeba nyama, wameenda. Saidi akapiga kelele: “Yaya, wewe njo mukubwa!”

Nikamweleza mama huku nikinyonyesha mutoto. “Hata kwenye telefone wanaiba?” akauliza.

Hata huko, mama. Na hata huko hawakukuweza.