Gari la Betri la Mzungu wa Barafu

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Nimemwagilia kabichi. Nimesahihisha barua mbili za watu. Kisha Mwansa, mkubwa wa wavuvi, amekuja kuniita. Mzungu wa ghala la barafu ameleta gari dogo kutoka Katanga. Linakwenda kwa betri, bila petroli. Anataka kuwapa wavuvi wabebee samaki. Wao wanataka nilijaribu mimi kwanza, kwa kuwa nilipokuwa mwalimu wa misheni niliendesha lori lake miaka tisa, na kitabu cha maelezo ya gari ni cha Kifaransa, ninachokisoma. Nitakalosema ndilo watakalofuata.

Jumanne, 7 Agosti
Nimeliendesha hadi gatini na kurudi. Halina gia. Hakuna kuzungusha chuma mbele kuamsha injini mpaka bega liume. Unakanyaga, linaondoka. Halinuki, halitetemeki. Nimesikia saa yangu ikigonga mfukoni. Nina miaka sitini na mmoja, na nimecheka peke yangu. Wavuvi waliokuwa wakingoja nimewaambia sijapata kushika gari zuri kama hili. Nimesema upesi mno.

Jumatano, 8 Agosti
Aibu. Wanawake huanika mihogo barabarani, maana udongo wa hapo ni mgumu na ufukweni ni mchanga mtupu. Wakisikia lori, huvuta mikeka pembeni. Leo hawakusikia kitu. Kwenye kona nimepita juu ya mikeka miwili ya mama Chola, mjane. Chakula chake cha mwezi. Hakupiga kelele. Amesema tu, kwa "Ba" ile ya heshima, "Ba Mwalimu, mutu anayekuja bila sauti ni mwizi." Wenzake wamecheka. Nimestahili.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimempelekea mama Chola gunia la mihogo. Amelipokea na kuanza kumenya.
Mchana gari limezimika njiani. Wanaume wanne wamelisukuma hadi ghalani, maana umeme wa kujaza betri uko hapo tu, katika injini ya Mzungu. Nimesimama nikitazama waya ule. Nimeelewa. Atakayelichukua gari hili atamwuzia Mzungu samaki wote, kwa bei atakayotaja yeye, la sivyo betri haitajazwa. Nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Nilicheka badala ya kuuliza.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimewaeleza wavuvi wote, polepole, mara mbili. Hawataki kusikia. Wamechoka kubeba vikapu kichwani. Mwansa amesema, "Ba Mwalimu, si wewe ulisema hakuna gari nzuri kupita hii? Leo unatukatalia juu ya mihogo ya mwanamuke?" Wamecheka sana. Wanadhani ninaficha aibu yangu. Ninawachukia kwa kicheko kile. Ninajichukia zaidi.

Jumapili, 12 Agosti
Upepo wa ziwa tangu alfajiri. Baada ya ibada Mwansa ameniletea karatasi pamoja na masharti ya Mzungu, niwaandikie mapatano. Karani wa Mzungu hawamwamini. Nimemsomea tena mahali panaposema samaki wote, bila kubakiza. Ameitikia kwa kichwa. Nimeandika kwa mwandiko mzuri. Chini, pa shahidi, nimetia jina langu.