Tuyakula na Ukurasa Uliofutwa

Sauli, Tuyakula amelipiza!

Unamkumbuka Nekwaya, mkuu wa mwongozo wa ile lugha ya kompyuta? Tuyakula alisahihisha ukurasa mmoja wa mwongozo huo mtandaoni, akaandika kwamba amri ya kuonyesha vilivyomo ndani ya kitu haionyeshi vyote. Nekwaya akafuta, akamjibu hapo hapo: "Inaonyesha vyote, dada. Nenda kasonge oshifima."

Eti akasonge ugali! Mbele ya watu!

Leo mkutanoni, hapa Windhoek, Nekwaya akaonyesha amri hiyo ukutani, akaitumia kwenye akaunti yake mwenyewe. Yakatoka majina matatu ya vilivyomo. "Mmeona? Hakuna kingine."

Tuyakula akanyoosha mkono, akamwita kwa heshima kama baba. "Tate, hebu iite nywila kwa jina lake, tuone kama haimo."

Akaiita, Sauli! Kwa maringo! Nywila yake ikatokea ukutani, ukumbi mzima ukaisoma kwa sauti.

Baadaye Nekwaya akamfuata. "Dada, rudisha ule ukurasa."

"Nimeshaurudisha, tate. Mfano ni wewe, kwa jina lako kamili."