Nilitoa Ushuhuda wa Uvimbe Ambao Sikuwa Nao

Mama Tecla mpendwa, barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, na hii ya nne naomba uisome mpaka mwisho hata kama utanikasirikia, kwa sababu mimi mwenyewe nimejikasirikia mpaka nimechoka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na saba, tunaishi upande wa Litein, tuna chai yetu kidogo na ng'ombe wawili, na mume wangu, nitamwita Kipkemboi, ni mtu mpole ambaye hajawahi kunisema vibaya kuhusu mwili wangu, na hilo nalitanguliza ili usije ukamlaumu yeye. Tangu nikiwa msichana matiti yangu hayakulingana, la kulia lilikuwa kama la watu wengine lakini la kushoto lilitoka jembamba na refu kama soksi isiyo na mguu ndani, na baada ya kunyonyesha watoto watatu yote mawili yakaanguka, na hilo la kushoto likaanguka zaidi. Nilikuwa nimezoea. Nilivaa sidiria mbili, nikajifunga leso juu, nikaoga peke yangu, na maisha yakaendelea.

Halafu mwaka juzi kwaya yetu ya kina mama ilishonewa sare, tukaenda kupimwa kwa fundi anayeitwa Moureen, na yeye, mkanda wa kupimia ukiwa umezunguka kifua changu na wenzangu kumi na wawili wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu, akauliza kwa sauti, "Mama, hizi hazitoshani. Sponji niweke upande gani?" Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wao, kisha nikarudi nyumbani nikajifungia chooni nikalia. Sidhani Moureen alikuwa na ubaya, alitaka tu nguo yake ikae vizuri, lakini tangu siku hiyo kila nikisimama kuimba nilikuwa naona kanisa zima linaangalia upande wa kushoto.

Dada yangu Nelvine yuko Nairobi, akanitafutia daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, nikaenda nikimwambia Kipkemboi naenda tu kusalimia. Daktari hakushangaa hata kidogo, akasema hilo la kushoto ndivyo lilivyokua, mahali linapoanzia kifuani ni pembamba, si ugonjwa wala laana, na akanieleza njia zilizopo, kwamba anaweza kuinua tu kwa kukata ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu, au kuinua na kuweka mfuko wa silikoni upande uliopungua, au kutoa mafuta tumboni na kuyajaza pale, au kupunguza lile kubwa ili yakaribiane, na pia akasema naweza kuyaacha hivyo hivyo na hakuna kitu kitanidhuru. Alinionya kwamba makovu hayaishi, chuchu inaweza kufa ganzi, na nikizaa tena huenda nisinyonyeshe vizuri. Kabla ya yote alinipeleka kupigwa picha ya matiti kuhakikisha hakuna uvimbe, na karatasi ikasema hakuna. Nilichagua ayainue yote mawili na apunguze kidogo la kulia, nikakubali makovu, nikakubali ganzi, kisha akamalizia kwamba kwa wiki sita nisiinue mikono juu wala kubeba kitu kizito.

Wiki sita, Mama Tecla, na wewe unajua chai haingoji mtu, ukikosa mzunguko mmoja tu majani yanakomaa yanakataliwa kwenye kituo cha kupimia chai, sasa mimi ningesema nini, kwamba sichumi kwa sababu nimeenda kuinuliwa matiti, katika kijiji ambacho mwanamke akipaka rangi ya midomo anaombewa? Nikasema nina uvimbe. Neno hilo lilifanya kazi papo hapo. Kipkemboi alikaa juu ya ndoo ya maziwa akashindwa kuongea, na niliporudi kutoka Nairobi nikiwa nimefungwa bandeji nilikuta wanawake wa kanisa wamejipangia zamu za kunichumia, wanakuja na makapu yao asubuhi na umande, na hakuna aliyekubali hata chai.

Nilikusudia kunyamaza hapo. Lakini kanisani kwetu mtu akitoka hospitali anaitwa mbele kushuhudia, na kukataa ni kama kumnyima Mungu shukrani, basi mchungaji akaniita, nikasimama na ile sare, na mdomo ukaenda wenyewe. Nilisema nilikaa na uvimbe miaka miwili nikiomba kwa siri, na siku ya kuutoa daktari hakupata kitu kibaya, na nimerudi na matiti yangu yote mawili. Watu walilia, Mama Tecla. Na matiti yenyewe yamekaa vizuri, hapo sitadanganya, lakini sijawahi kuyafurahia hata siku moja.

Sasa kuna huyu jirani yangu nitamwita Jerusa, wametoka upande wa ziwa, mume wake anafanya kazi kiwandani na yeye anachumia watu chai, hapa hana mama wala dada. Yeye ndiye aliyenichumia kuliko wote, alimaliza zamu yake na akachukua za waliokosa. Mwezi wa tatu alikuja jikoni kwangu akafungua blauzi, akachukua mkono wangu akaniwekea pale, nikashika kitu kigumu kama punje ya mahindi, hakisogei. Nilimwambia aende hospitali. Akatabasamu, akasema, "Si wewe ulikaa na yako miaka mbili na uko tu sawa? Yangu hata haiumi. Wacha niombe kwanza vile wewe uliomba."

Mimi nikanyamaza. Mwezi wa nne nilimwambia tena, akanijibu vilevile, nikanyamaza tena. Sasa ni Julai, na Jumapili iliyopita alinionyesha, imekuwa kama mbegu ya avokado na ngozi ya juu imevutwa ndani, na yeye anafunga na kuomba kila Ijumaa na anataka nifunge naye kwa sababu anasema kwangu njia ilifunguka.

Naomba uniambie kama kuna namna ya kumfanya aende hospitali bila mimi kusema ukweli. Nikisema, Kipkemboi atanitazamaje, na wale walioniinamia kwenye umande watanitazamaje? Natubu usiku na mchana lakini toba yangu haitoki nje ya mdomo. Nisaidie.

Mwenye Ushuhuda, karibu na Litein

Mama Tecla anajibu:

Dada yangu, hukuweka namba ya simu, kwa hivyo sina njia ya kukufikia ila hapa gazetini. Barua yako ni ya katikati ya Julai na leo tuko Agosti. Kama umekaa ukingoja jibu langu, hizo ni wiki nyingine umemnyang'anya Jerusa, na mimi na posta tumekusaidia kumnyang'anya. Hilo limeniuma tangu nifungue bahasha.

Upasuaji wenyewe sina ugomvi nao. Kile kicheko cha kwa fundi kingemuumiza yeyote, na hukumkosea mtu kwa kutaka kifua chako kilingane. Ulitafuta daktari anayestahili, ukapigwa picha kwanza, ukaambiwa habari ya makovu na ganzi kabla ya kisu, na uliambiwa pia kwamba unaweza kuacha. Wasomaji wanaoniandikia kuhusu mafuta ya kupaka na vidonge vya kuinua matiti wafanye kama wewe: waulize daktari aliyesajiliwa, waulize njia zote, wasikimbilie ya kwanza. Titi lililolala halimuui mtu. Wana muda wa kufikiri.

Jerusa hana. Kitu kigumu kisichosogea, kinachokua, kinachovuta ngozi ndani, hicho ni cha kuonwa na daktari mara moja. Kutouma si dalili njema. Mimi si daktari na sitasema ni nini, kwa sababu uvimbe mwingi si saratani, lakini kama ni saratani kila mwezi una maana, na wewe umekaa na miezi yake mfukoni tangu Machi. Umetubu, unasema. Kwa nani? Mungu haendi hospitali badala ya Jerusa.

Unaniuliza kama kuna namna ya kumpeleka bila kusema ukweli. Hakuna. Umemwambia mara mbili na mara mbili amekujibu kwa maneno yako mwenyewe. Mwanamke huyu haamini mwili wake, anaamini ushuhuda wako. Na usijidanganye kwamba utajificha sana, maana wanawake waliokuchumia wanasoma gazeti pia, na hapo kwenu ni nani mwingine alikaa wiki sita bila kuchuma? Afadhali asikie kutoka kwako kuliko kutoka kwao.

Kwa hivyo fanya hivi: nenda kwa Jerusa leo. Ile karatasi ya picha, iliyoandikwa hakuna uvimbe, ibebe, kwa sababu huenda asikuamini, na akiona maandishi ya hospitali ataamini. Mume wako mwambie leo hii pia, ukishatoka kwa Jerusa, na umwache akasirike. Mtu aliyeshindwa kuongea kwa hofu ya kukupoteza anastahili kujua hakuwa anakupoteza. Ushuhuda uliutoa mbele ya watu na utaurudisha mbele ya watu, lakini hiyo Jumapili itakuja baadaye, na siku hiyo usitaje ugonjwa wa mwenzako. Na kama Jerusa atalazwa, kapu lake wewe ndiye utakayelibeba, wiki sita au miezi sita, na ukichoka usimwambie mtu.

Anaweza kukufukuza. Anaweza kulia, akakutukana kwa lugha ya kwao, na atakuwa na haki. Simama hapo mlangoni mpaka amalize. Wewe ulitafuta kufunikwa na ukafunikwa na watu wema, na kati yao mmoja ndiye anayelipa.

Usimalize kunywa chai uliyonayo. Ukifika kwake usianze na salamu ndefu wala maombi, na usianze na habari ya fundi ili akuhurumie. Sema hivi tu: "Jerusa, mimi sikuwa na uvimbe. Wewe uko nao. Vaa viatu twende."