Biwi la Mama Lisipoe

Jumatano, 1 Oktoba 1997

Leo naanza, na nitaandika yote, hata yale ambayo ningeulizwa kwa mdomo nisingeyasema. Mwalimu Oswald amesema shajara si insha, haisahihishwi. Yeye ametoka Moshi, na anaamini hata sisi wa Darasa la Sita hapa Mwandiga tunaweza kuandika kila siku. Mimi kila siku siwezi. Lakini yote, ndiyo.

Nyumbani tuko wanne: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, na mimi, Restituta. Nyuma ya jiko kuna biwi la mboji la Mama. Alilianza mwishoni mwa Agosti ili liive mvua zikikolea. Amelipanga tabaka kwa tabaka — mabua, majani mabichi, samadi ya mbuzi, majivu, udongo kidogo, maji. Juu amelifunika kwa majani ya mgomba. Mwaka jana mahindi yetu yalitoka ya manjano, mafupi. Mama anasema shamba limechoka, lilishwe.

Bibi humtania: "Wenzake wanapika ugali, mkwe wangu anapika takataka."

"Subiri kuonja, mama," Mama anajibu. Wote wanacheka.

Mboji Mama huiita ifumbire, kwa Kirundi, kama mama yake. Ndiye aliyemvusha kutoka Burundi mwaka 1972, amembeba mgongoni.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama amechukuliwa.

Naandika kwa mpangilio. Tulikuwa kando ya barabara, tunakata alizeti pori za kuongeza kwenye biwi. Gari likasimama. Nyuma lilikuwa limejaa watu waliokaa wamekumbatia magoti. Askari wanakusanya Warundi wote wanaoishi nje ya kambi za wakimbizi. Mtu mmoja akamuuliza Mama jina. Leonia. Umezaliwa wapi? Mama akasema Burundi, lakini nimekulia hapa na nimeolewa hapa. Akaambiwa hayo atayaeleza huko kambini.

Kisha yule mtu akaninyooshea kidole. Na huyu?

Mama akasema, "Huyo ni mtoto wa jirani. Mwacheni arudi kwao."

Hakunitazama. Mimi nikamwamkia yule mtu shikamoo — sijui kwa nini. Akaitikia marahaba.

Gari lilipoondoka nilifunga majani, nikajitwika. Nikayapanga kwenye biwi, nikamwagia maji, nikafunika. Ndipo nikaenda kumwambia Baba.

Jumanne, 7 Oktoba

Shuleni. Hesabu za sehemu. Dismasi wa dawati la nyuma akasema, "Resti, na wewe ufunge virago, shangazi zako wanakusubiri Bujumbura." Wengine wakacheka. Nimepata zote.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba amerudi kutoka kambini. Amemwona Mama, wameongea kidogo. Wakubwa wa pale walimtaka aeleze ndoa yake. Akaeleza: mbuzi walitolewa, pombe ikanywewa, wazee walikuwepo. Wakamwambia hayo ni maneno yake. Aje na mwenyekiti wa kijiji ashuhudie, hapo mke atarudi. Mwenyekiti amesema kwa sasa ana shughuli.

Bibi akasema, "Shughuli! Huyo si ndiye aliyekunywa harusini kwako mpaka tukamlaza zizini na mbuzi?"

"Mama, acha," Baba akasema.

Katikati ya biwi kuna kijiti kirefu ambacho Mama alikichomeka. Ukikichomoa kikiwa cha moto, ndani kazi inaendelea. Mama hukigusisha shavuni. Leo nimefanya hivyo. Vuguvugu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kijiti kimepoa. Maji ninamwagia. Sijui nilichokosea.

Bibi amekamua mawese jana. Machicha yake tunawashia moto, yanashika upesi kuliko kuni. Nikafikiri kinachowasha jiko haraka namna hii kitalipasha na biwi. Nimefunua, nimeyajaza karai kwa karai, nimefunika. Nasubiri.

Jumatano, 22 Oktoba

Biwi linanuka. Siyo harufu ile ya kawaida — ni kama kitu kilichokufa kwenye maji. Nikimwaga maji yanateleza juu, yanakimbia pembeni. Machicha yana mafuta.

Nilimwomba Mwalimu Oswald aje. Alisimama mbali kidogo, akaziba pua kwa leso kwa heshima, Bibi asione. Bibi aliona. "Vuta tu, mwalimu," akamwambia, "ndiyo chakula chetu cha mwakani hicho."

Mwalimu amesema vijidudu vinavyoozesha vinahitaji hewa, na mimi nimevifunika kwa mafuta. Nitoe machicha yote, nichanganye nyasi kavu, nipindue biwi lote. Ameniuliza kama ninalala vizuri. Nimesema ndiyo. Nalala, ni kweli.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya kanisa nilianza kutoa machicha. Baba alikaa mlangoni anatazama. Halafu akaja, akakunja mikono ya shati la kanisani, akaingiza mikono yote miwili. Tumetoa mpaka jua likawa kali. Tumeweka nyasi kavu na samadi mpya. Tulipokuwa tunanawa ndipo akauliza, "Tutapanda lini?"

Ananiuliza mimi. Nikasema mvua ikikolea, baada ya mboji kuiva.

"Sawa," akasema, kama ninavyomsikia akimjibu Mama.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kijiti kimeniunguza shavu. Nilimwita Bibi. Akakishika, akakiachia haraka.

"Eeh," akasema. "Kinapika."

Jumamosi, 1 Novemba

Mwenyekiti amekubali. Atakwenda na Baba kambini Jumatano. Bibi amemtumia kuku.

Jioni amepita Mama Shadia wa Ujiji. Anauza dagaa kwenye soko lililo nje ya kambi, huenda na kurudi na malori. Tulimpa kiti. Anasema Mama hajambo, amekonda, anakaa hemani na wanawake wengine, anatusalimu wote. Anauliza kama ninasoma. Nikamwambia Mama Shadia, tafadhali mwambie biwi lake lilipoa lakini sasa ni la moto kabisa.

Mama Shadia akacheka. "Wewe na mama yako! Na yeye kule kashaanza. Kajenga biwi nyuma ya hema, kubwa, kalifunika vizuri. Anazunguka hema hadi hema anaomba maganda ya viazi, watu wanamcheka — mama, hapa tumekuja kula posho, siyo kulima!"

Baba alikuwa ananoa jembe. Akaacha kunoa.

Biwi ni miezi mitatu. Mama hajengi biwi mahali ambapo hatakuwepo siku ya kulifungua. Mwaka ule Baba alipofanya kazi bandarini tulipanga chumba Katubuka, mjini, na uani palikuwa na nafasi. Hakujenga. Alisema hapa hatukai.

Baba hakusema hayo, lakini na yeye anayajua. Mama Shadia akaanza kuaga. Ndipo Baba akasema polepole, "Kama ameshatulia huko, nitamsumbua mwenyekiti wa nini?"

"Utakwenda," Bibi akasema. "Mikono ya Leonia haijui kukaa bure, basi. Usitafute maneno kwenye takataka."

Baba akasimama. Akaliegemeza jembe ukutani, akatoka.

Huenda Bibi anasema kweli. Huenda kuna mtu kule ambaye shamba lake limechoka, akamwomba Mama amwonyeshe. Mama hawezi kumkatalia mtu kitu kama hicho. Au wale wanawake wa hemani wana watoto, wanataka mboga.

Nilimfuata Mama Shadia mpaka njiani. Anaondoka kesho alfajiri, atarudi Jumanne jioni. Jumatano asubuhi ndipo lori watakalopanda Baba na mwenyekiti. Nikamwambia nina swali la Mama na jibu nalitaka Jumanne hiyo hiyo, kabla Baba hajaamua.

"Nikisahau je, mwanangu?"

"Usisahau, mama. Rudia."

Akarudia, lakini alilibadilisha. Nikamsahihisha. Akarudia tena, safari hii sawasawa. Ninaliandika na hapa, kama nilivyompa:

Mama, hilo biwi ni lako, au umemjengea mtu?