Mbuzi wa Bwana Kaingu Alichinjwa kwa Ajili ya Nani?

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuomba unijibu kabla ya Jumapili, maana siku hiyo nitapandishwa jukwaani mbele ya watu wote nile kijiko kimoja cha pilau, nami sijui kama niufungue mdomo au niufumbe.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mkaazi wa Mji wa Kale, na babangu ni mpishi wa masufuria makubwa, yaani yale ya harusi na maulidi, na tangu nikiwa mdogo mimi ndiye ninayemwonjea, kwa sababu yeye husema moshi umeshamharibu ulimi, basi kabla ya kupakua huniita, "Ndoo, mwanangu, nambia chumvi," nami nikionja na kuitikia kwa kichwa ndipo masinia yanapoanza kutembea, na watu wamezoea hivyo hata wako wasioketi mpaka wanione nimeonja.

Sasa muhula huu mwalimu wetu wa maadili, Bi Nasipwondi, alitufundisha juu ya dini ya Buddha, si ili tuifuate bali tujue wenzetu duniani huongozwa na nini, akatueleza kwamba watawa wao hupita nyumba kwa nyumba na bakuli, na hula chochote wanachotiliwa, hata nyama, isipokuwa mtawa akiwa ameona, au amesikia, au anashuku kwamba mnyama yule alichinjwa kwa ajili yake, hapo hukataa. Mwalimu akatuuliza kanuni hii ingetufaa wapi katika jamii yetu ya leo. Wenzangu waliandika juu ya kuwahurumia wanyama, lakini mimi nilimfikiria Bwana Kaingu.

Bwana Kaingu ni diwani wetu na anagombea tena. Mifereji ya mtaa wetu imekuwa ikitoa upepo tangu achaguliwe, na mwezi huu amepiga hema Makadara akachinja mbuzi, na maji ya kupikia nyama yao babangu aliyanunua kwa mkokoteni. Nyanya yangu husema tangu vyama vingi virudi, walioumia zaidi ni mbuzi. Basi nikajiuliza, je, nimeona wakichinjwa? Nimeona. Nimesikia ni kwa ajili gani? Nimesikia, kwa sababu Oloo, mpambe wa diwani, alitangaza kwa kipaza sauti, "Kuleni kwanza, sera baadaye, na siku ya kura msiisahau shibe ya leo!" Kushuku hakukuwa na haja tena.

Baba aliponiita nikasema, "Baba, leo nisamehe, sionji."

"Wafunga?"

"Sifungi."

"Waumwa?"

"Siumwi, baba, ila dhamiri yangu haikubali."

"Dhamiri!" akasema baba, mwiko mkononi. "Mbuzi kachinjwa kwa bismillahi, mchele nimeuchambua kwa mikono yangu miwili, hiyo dhamiri yataka nini tena, ndimu?"

Watu walicheka, lakini mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa hakucheka. Alisimama akapiga kelele, "Jamani, mwana wa mpishi hataki kuonja! Mwana wa mpishi mwenyewe!" na kabla sijapata kueleza habari za watawa, neno sumu lilikuwa limeshafika nje ya hema, watu wakainuka wakashika watoto wao, masinia yakabaki yamejaa, paka wa Makadara wakala mpaka wakalala ubavu, na hakufa hata mmoja, lakini nilipotoa hoja hiyo niliambiwa paka wa huku hawafi kwa sumu.

Tangu siku hiyo Oloo anasema babangu alinunuliwa na mpinzani, na watu wa mpinzani nao wakaja nyumbani na sukari kumpongeza, kwa hiyo hata majirani waliokuwa hawaamini wakaamini. Harusi mbili zimehamia kwa mpishi mwingine. Baba anakaa uani akisugua masufuria ambayo tayari ni safi. Nyanya anadhani nimebadili dini, akamwita maalim anisomee, na maalim alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini ile kanuni ya kuona na kusikia inasemaje, nikamweleza, akaitazama sukari iliyokuwa mezani, kisha akaaga bila kunywa chai.

Sasa Bwana Kaingu ameleta ujumbe kwamba Jumapili atachinja tena, baba atapika, nami nionje mbele ya kipaza sauti na kusema, "Pilau ni safi na Kaingu ni safi," na nisipofanya hivyo atamshtaki baba polisi. Nikila, nimeuza dhamiri yangu, na nisipokula, nimemuuza babangu. Mwalimu alisema Buddha aliisifu njia ya katikati, lakini katikati ya mdomo ulio wazi na mdomo uliofumbwa mimi sioni njia. Natumaini wewe unaiona.

Tafadhali usilitaje jina langu.

Binti wa Mpishi,
Mji wa Kale, Mombasa

*

Binti yangu,

Jina lako nimelificha, ingawa sijui nimemficha nani, maana kisa chako kilifika Makupa kabla ya barua yako kufika mezani kwangu.

Pole. Una moyo safi, na moyo safi ukikosa busara hupiga teke sufuria. Kanuni ya watawa umeisoma vizuri, lakini wao hukataa kimya kimya, hawakatai mbele ya hema zima lenye njaa. Wewe sababu uliifungia moyoni, kukataa ukakutoa hadharani, ukamwachia babako kazi ya kukueleza. Asiyesema sababu yake husemewa. Ungemwambia nyumbani mapema, "Baba, mara hii mtafute mwingine aonje," angekemea, angenung'unika, angemtafuta. Wewe mkono wako ulibaki safi, wake ukapakwa matope. Basi weka gazeti chini sasa hivi, nenda uani ukamwombe radhi. Usimhutubie habari za Buddha. Chukua jivu na kumbi la nazi, kaa chini, msugue masufuria pamoja.

Ile sukari irudisheni leo leo. Maalim wenu ana akili, msikilizeni hata asiposema.

Sasa tuje kwenye kijiko chako. Kanuni inasema mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya mlaji. Wewe una kadi ya kura? Huna, umri bado. Basi, mwanangu, yule mbuzi hakuchinjwa kwa ajili yako! Bwana Kaingu hajawahi kumchinjia mtu asiye na kura hata kuku. Angekuwa na huruma hiyo, mifereji yenu ingetoa maji. Kwake yeye wewe ni ulimi tu wa kuazima. Kwa hiyo Jumapili panda jukwaani ule, tena usile kwa kubana midomo kama anayemeza dawa. Kijiko hicho ni ushahidi wa babako, kwamba mchele wake ni safi na mkono wake ni safi, na ushahidi huo ni wa kweli.

Kipaza sauti ni habari nyingine. Hao Wabudha wanayo pia kanuni ya kauli ya kweli, na kama Bi Nasipwondi hajaifikia, mwombe aifikie kabla ya wikendi. Wewe sema, "Pilau ya babangu ni safi, na chumvi imekolea," kisha shuka. Oloo akikudai nusu ya pili, mjibu kwa adabu, "Samahani, kaka, ulimi wangu wajua chumvi tu, huyo diwani mwenyewe sijamwonja." Na hayo ya polisi yasikutishe. Atakayepeleka kituoni kesi ya pilau iliyoshindwa kuua paka, atachekwa hadi ng'ambo ya kivuko.

Hiyo ndiyo njia yako ya katikati. Mdomo ufungue kwa chakula na kwa kweli, kisha uufumbe.

Lakini swali uliloniuliza silo lako, binti yangu. Ni letu sisi wakubwa wenye kadi, tulioona na kusikia, na kama hatushuku ni kwa kuwa kushuku hukata hamu ya kula. Mimi ni mpiga kura wa kata yenu. Mwaliko wa Jumapili nimeletewa, nimetengewa mahali mbele kabisa, karibu na masinia. Na pilau ya babako naijua tangu harusi ya dadangu, harufu yake huvuka barabara ikakutafuta hadi chumbani.

Jumapili nitafunga madirisha, nichemshe muhogo.