Kutu Chini ya Rangi

Tarehe 3 Juni. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu,

Barua yako, kwamba mama hainuki tena kitandani, ilinikuta na brashi mkononi. Mimi mzima, ila mgongo si wangu tena. Ulidhani jeshi la majini ni bunduki, kumbe sisi wageni ni kusugua vyoo, kumenya viazi na kudeki sitaha ambayo mawimbi huichafua kabla ndoo haijakauka.

Niliomba ruhusa siku ileile. Msimamizi wetu, tunayemwita Baba Kutu, akasema, "Maliza ukuta wa chumba cha nanga. Nikiukagua, nenda kwa mama yako."

Ukuta ule hukwanguliwa kutu kwanza, ndipo upakwe rangi. Lakini moyo wangu ulikuwa huko kwenu. Nikapaka rangi juu ya kutu, ukang'aa kama sahani mpya.

Baba Kutu akaugonga kwa nyundo mara moja tu. Rangi ikadondoka vipande vipande.

"We kuruta, mgonjwa unampaka poda ili apone?"

Wenzangu wakacheka.

"Anza upya, mpaka chuma kionekane."

Haraka ile imenilia wiki tatu. Sasa nakwangua sawasawa, na vumbi lake jekundu nalinywa hadi kwenye chai.

Natarajia kufika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Mama usimtajie Jumamosi, kwake ni mbali mno. Mwambie niko njiani.

Mdogo wako,
baharia wa ndoo