Pole Niliyoijibu Vibaya

Dada Zuhura, shikamoo.

Hapa Adelaide baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kondoo ni wengi kama unavyowaona pichani. Kiingereza changu kimeshakuwa chao. Mama mwenye nyumba amenifundisha kuyavuta maneno puani, hata "leo" yao naitamka "tudai". Si ndivyo alivyotaka Baba? Pale stesheni ya Tabora aliniambia, "Taifa limekutuma, mwanangu. Ongea wasikuulize mara mbili."

Jana telegramu yenu ya msiba ilipofika, mama huyo alinishika mkono akanipa pole. Kwetu ningejibu, "Nimeshapoa." Nikatafuta neno lao la namna hiyo, ulimi ukatoa lile wanalojibia kila kitu: "Noo wariz." Yaani, hamna neno! Tena kwa lafudhi safi kabisa. Akaniachia mkono taratibu.

Baba amekufa, nami nimesema hamna neno, na kweli, hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Kwenye hitima mnitaje nami. Wewe ukiniandikia, nipe pole upya kwa Kiswahili, dada yangu, nipate kukujibu kwamba sijapoa.

Mdogo wako,
Rajabu